Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Masomo ya Mtandaoni na Umoja Wetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya mwaka unaomalizika. Mapato na matumizi atayaeleza Mweka Hazina. Mimi nitajikita katika azimio tulilopitisha hapa Mwanza katika mkutano uliopita, kwamba kila mwanachama, awe mchuuzi wa Kirumba Mwaloni, mvuvi wa Ukerewe au kijana anayetafuta kazi mjini, apate nafasi ya kujifunza kwa njia ya mtandao.

Wazo hili si geni kandokando ya ziwa letu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Sengerema ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza nchini kuwa na kituo cha mawasiliano cha jamii, ambako mtu asiye na kompyuta aliweza kuitumia, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kimewasomesha watu wazima wengi bila kuwahamisha makwao. Siku hizi somo linaingia kwenye simu ya mkononi. Hata hivyo, wenye simu janja si wote, na mara nyingi bando huisha kabla ya somo kwisha. Ndiyo maana kamati iliamua kutogawa fedha za bando kwa mtu mmoja mmoja, bali kuunda vikundi vya kusoma pamoja, ambamo mwenye simu hupakua somo mara moja na wenzake wakalitazama bila gharama nyingine. Baadhi yenu mliupinga uamuzi huo, nami naiheshimu hoja yenu, lakini naamini tulitenda haki, kwa kuwa wasio na simu, wengi wao akina mama wanaoanika dagaa, wangeachwa nje.

Ratiba ilitusumbua mpaka tulipoifuata kalenda ya ziwa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi unapopevuka mitumbwi mingi hupumzika kwa sababu mwanga wa taa hauwavuti tena. Tukayahamishia masomo siku za mbalamwezi, na mahudhurio yakatengemaa.

Somo lililonigusa kuliko yote halikutoka kwa mhadhiri. Mama mmoja wa Ukerewe alijirekodi kwa simu ya jirani akianika dagaa kwenye chanja za wavu badala ya mchangani, akaeleza kwamba hewa ikipita juu na chini huwakausha upesi, na kwamba dagaa wasio na mchanga hupata bei nzuri. Video hiyo ilizunguka katika kundi letu la WhatsApp, maswali yakaulizwa kwa ujumbe wa sauti, na hata wasiojua kusoma wakashiriki. Mwanachama ambaye miaka yote alikaa kimya mikutanoni akawa mwalimu wa watu asiowahi kuonana nao. Masomo mengine mengi tuliyapata kwa Kiingereza, na nawashukuru vijana walioyafasiri kwa subira. Hili la kwetu halikuhitaji mfasiri.

Lipo pia jambo la kusikitisha. Katikati ya mwaka mtu asiyejulikana aliingizwa kundini, akatangaza mkopo wa haraka, na baadhi ya wanachama wakatuma ada ya usajili ambayo haikurudi. Uongozi ulichelewa kutoa onyo, na kwa hilo nawaomba radhi. Tangu hapo kila anayeingia kundini hudhaminiwa na wanachama wawili, na somo la kwanza kwa kikundi kipya ni kulinda namba ya siri na kuutambua ulaghai.

Kwa mwaka ujao naomba mkutano huu uidhinishe ununuzi wa paneli ya sola ya kuchajia simu kwa vikundi vya visiwani, pamoja na kifaa kidogo cha kuhifadhia masomo, ambacho simu zilizo karibu huunganishwa nacho bila bando. Naomba pia tuazimie kwamba kila kikundi kitayarishe angalau somo moja la Kiswahili kutokana na kazi kinayoijua.

Naomba kuwasilisha.