Mabinti wa mageto wafundishwe karate

Ndugu mhariri,

Naomba kanafasi kwenye ukurasa wako niongelee jambo ambalo huku kwetu Lindi ukiligusa watu wanakuangalia vibaya, nalo ni karate kwa watoto wa kike. Kwenye mkutano wa wazazi uliopita nilitoa hoja kwamba shule itafute mwalimu wa karate au judo kwa ajili ya hawa mabinti wanaokaa mageto, yaani vyumba vya kupanga karibu na shule, basi mzee mmoja akasimama akasema tunataka kuwafanya wahuni, nani atawaoa, na watu wakapiga makofi. Sikupata muda wa kujibu maana ajenda ikahamia kwenye michango ya chakula, ndo maana naandika.

Kwa asiyejua maisha ya huku, sekondari nyingi ziko mbali na vijiji, bweni hakuna au limejaa, kwa hiyo mtoto wa fomu wani, miaka kumi na nne tu, anapangishiwa chumba karibu na shule, anajipikia, anachota maji, anajifungia usiku na komeo moja la ndani. Mzazi yuko kijijini kwenye mikorosho. Anayejua binti karudi saa ngapi ni jirani na mwenye nyumba, na kuna wakati huyo mwenye nyumba ndo tatizo lenyewe. Halafu kuna lifti, kuna chipsi, kuna vocha, mwisho wake wote tunaujua. Sheria ipo tena kali, tangu 2016 ukimpa mimba mwanafunzi ni miaka 30 jela, na namba 116 ya kutoa taarifa za watoto kupiga ni bure, lakini mara nyingi hivyo vinafika jambo likiwa limeshatokea. Mimi naongelea zile dakika mbili za mwanzo pale mlangoni, binti yuko peke yake na mtu mzima kasimama mbele yake.

Unyagoni tunawafundisha heshima na kutomjibu mkubwa. Mila sizipingi, mimi ni mjomba mtu na huku kwetu mjomba ana sauti kwa watoto wa dada zake, michango ya unyago nimetoa na nitaendelea kutoa. Ila nauliza, ni wapi huyu mtoto anafundishwa kumwambia mtu mzima "toka hapa" na akamaanisha? Nyumbani hapana, shuleni hapana, unyagoni ndo kabisa.

Karate inaanzia hapohapo. Wengi wanaijua ya kwenye vibanda umiza, vile vibanda vya kuonyesha video, ya kuruka mateke na kuvunja matofali, lakini nenda kaangalie darasa lenyewe, miezi ya mwanzo ni kusimama vizuri, macho mbele, kupumua kutoka tumboni na kupiga ukelele mmoja mzito wanauita kiai. Mtoto aliyezoea kuongea kwa kunong'ona huo ukelele unamtoa jasho kuliko pushapu, nimeona kwa macho yangu, anafungua mdomo sauti haitoki, siku inapotoka hata yeye anashtuka. Mzee Gichin Funakoshi aliyeitoa karate Okinawa akaipeleka Tokyo mwaka 1922 alisisitiza kwamba karate haianzi kwa kushambulia, ndo maana zile hatua za kwanza anazofundishwa mwanafunzi zinaanza na kuzuia. Judo nayo, aliyoianzisha Jigoro Kano hukohuko Tokyo mwaka 1882, kabla hujafundishwa kumwangusha mtu unafundishwa kuanguka mwenyewe bila kuumia, kidevu kinaenda kifuani, mkono unapiga chini, unainuka haraka. Sasa huo uhuni uko sehemu gani? Wanawake wanacheza judo Olimpiki kwa medali tangu 1992 na Dar es Salaam karate ipo tangu miaka ya 1970, Zanzibar judo wanacheza, ila kwenye shule zetu huku kusini ukisema michezo ni mpira wa miguu, netiboli na kukimbia basi.

Na ushahidi hauko mbali. Nairobi, kwenye mitaa ya mabanda, wasichana wa sekondari walifundishwa kujilinda kwa vipindi sita tu vya saa mbili mbili, matokeo yakachapishwa 2013. Kabla ya mafunzo karibu robo yao walisema walishambuliwa kingono ndani ya mwaka mmoja, miezi kumi baadae wakawa chini ya mmoja kati ya kumi, wakati wale ambao hawakufundishwa hali yao ilibaki karibu ilevile. Zaidi ya nusu ya waliofundishwa walisema walitumia walichojifunza kujinasua. Na sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni sauti na maneno, mkono unakuja mwisho kabisa. Hukohuko Nairobi, Korogocho, hata mabibi wazee wanafanya mazoezi ya kujilinda, bibi wa miaka sabini anapiga ngumi mto wa mazoezi na kupiga kelele, kwa sababu nao walikuwa wanavamiwa majumbani mwao. Mimi nikisoma habari hiyo naona aibu kwamba sisi bado tunabishana kama binti ataolewa au hataolewa.

Mpwa wangu alibahatika, shuleni kwao alihamia mwalimu wa kike anayejua karate akawa anawafundisha wachache barazani jioni bila malipo. Usiku mmoja mwanaume mwenye chumba akaja kugonga eti anadai kodi, saa tano usiku, kodi yenyewe nilishalipa. Binti hakufungua na hakunyamaza, alijibu kwa sauti nzito kutoka ndani, akamtaja jina, akamwambia aje mchana mjomba akiwepo, akarudia mpaka majirani wakawasha taa. Yule bwana akaondoka. Hakuna teke lililopigwa. Siku ya pili tukamhamisha chumba.

Sisemi karate inamaliza kila kitu, binti wa kilo arobaini hawezi kushindana na mwanaume mzima mwenye panga na mwalimu anayemdanganya hivyo afukuzwe, mwalimu mzuri anamfundisha kwanza kukimbia na kuita watu. Na wazazi muwe macho na walimu wenyewe. Mazoezi yafanyike sehemu ya wazi, awepo mwalimu wa kike au mama mzazi, mtu asiyejulikana anayetaka kumfundisha binti peke yake chumbani huyo hapana kabisa, na anayeanza kuuza mikanda, ile ya kiunoni ya kuonyesha daraja, kabla hata hajawafundisha kusimama mkimbieni. Mabweni nayo yajengwe, hilo halina mjadala, ila mtoto anayelala geto leo usiku hawezi kusubiri tofali likauke.

Gharama sio kubwa. Judo inataka magodoro yake ingawa walioko Lindi mjini na Mikindani wana mchanga wa pwani, kuanguka hapo hauumii sana. Karate inataka sakafu tu na nguo ya mazoezi, baraza la shule linatosha, mara mbili kwa wiki baada ya vipindi, na mtoto akichoka vizuri analala mapema, hana muda wa kuzurura stendi.

Mkutano wetu ujao ni kabla shule hazijafungua Januari, pesa ya korosho ya wengi itakuwa imeshaingia na hoja yangu nitaisimamisha tena. Wewe mzazi wa Nachingwea, Ruangwa, Newala au Tandahimba mwenye binti geto naomba uisimamishe na kwenye shule yako. Na kama kuna mwalimu wa karate au judo, hasa wa kike, anasoma hapa na yuko tayari kuja Mtama, aandike kupitia gazeti hili, nauli na sehemu ya kulala sisi wazazi wachache tulioelewana tutachangishana.

Mjomba mtu,
Mtama, Lindi