Kambi ya vijana Kigoma: tupeni eneo, kazi tutafanya

Mhariri,

Kila tukiomba kambi ya vijana hapa Kigoma, jibu ni lile lile: hakuna bajeti. Gilwell Park, kambi maarufu ya maskauti Uingereza, ilianzia porini. Mwaka 1919 William de Bois Maclaren alitoa fedha za kununulia shamba lililotelekezwa. Pasaka hiyo vijana wa kujitolea wakaenda kulifyeka. Ardhi ililowa mno kupiga mahema, wakalala kwenye kibanda cha mtunza bustani, wakakibatiza Banda la Nguruwe. Kipo hadi leo!

Sisi tuna ufukwe wa Ziwa Tanganyika, na mapanga hatukosi. Kufyeka, kuchimba vyoo na kupika tutapangiana zamu. Tunachoomba ni eneo lenye hati. Bila hati, tukishasafisha tu, mwenye kiwanja hujitokeza.

Skauti wa zamani,
Ujiji, Kigoma