Barua ya wazi kwa vijana wa mipango

Wanangu mnaofanya kazi katika ofisi za mipango na miradi hapa Dar es Salaam,

Nawaandikia nikiwa na uchungu. Majuzi nilialikwa katika kikao cha kuandaa mpango wa maboresho ya huduma katika kata kadhaa, nikaona lengo la kuzifikia kaya zote likipewa miezi 18, kwa sababu moja tu: fedha za mfadhili zinakoma hapo. Hakuna aliyeuliza ni kaya ngapi zinazopata huduma hiyo leo.

Haraka ya namna hii tunaijua. Mwaka 1971 taifa lilijipa miaka 20 kumpatia kila mwananchi wa kijijini maji yasiyozidi mita 400 kutoka kwake. Mwaka 1991 ulipofika, lengo lilikuwa bado mbali. Elimu ya msingi kwa wote, iliyokusudiwa kukamilika mwaka 1989, ilirudishwa nyuma hadi 1977 na Azimio la Musoma la mwaka 1974. Watoto walifurika madarasani, nami silibezi hilo hata kidogo, maana mdogo wangu alipata shule kwa sababu yake. Lakini walimu hawapatikani kwa azimio, ikabidi vijana waliomaliza darasa la saba wajifunze ualimu huku wakifundisha. Mdogo wangu alifundishwa hesabu na kijana wa aina hiyo, mwenye bidii kubwa, ambaye hakuna aliyempa muda wa kuiva.

Kwa hiyo, wanangu, hesabuni muda kwa kufuata kazi yenyewe. Zabuni itatangazwa, itafanyiwa tathmini, pengine aliyekosa atakata rufaa, ndipo mkataba usainiwe. Mkandarasi akifika eneo la kazi mwezi Aprili, masika yatamkuta, na ninyi mnaovuka Jangwani mnajua mvua hufanya nini. Pateni takwimu za awali. Kila lengo liwe na mtu wa kuulizwa. Msikilizeni mtendaji wa kata kabla ya mgeni rasmi.

Nasi wazee tuna lawama, kwa kuwa tumezoea kumpigia makofi anayeahidi upesi na kumwita mvivu anayeomba miaka mitano.

Kabla ya kikao kijacho, mwandikieni mfadhili kwamba miezi 18 inatosha kata mbili, mzitaje kata hizo, kisha mwombeni mkae mzungumzie zilizobaki.

Mzee wenu, mstaafu wa mipango.