Mjomba hakuwa akimwagilia majani tu

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, na ujumbe nikikutumia unausoma halafu kimya. Basi naandika hapa, maana najua utapita hata kama hutasema umepita. Wengine nao watasoma. Wasome tu. Uliyoyasema uliyasema mbele za watu, na jibu lake nalo lisikike mbele za watu.

Nakupenda, na hilo halina mjadala. Siku tunamzika Mjomba wewe ndiye uliyenishika mkono nisianguke, na sijakusahau kwa hilo. Lakini hata saa haikupita. Watu walikuwa bado kwenye viti, yule mzee asiyetufahamu vizuri akauliza marehemu alikuwa akifanya kazi gani. Nilifungua mdomo niseme alikuwa mtunza bustani ya mimea, ukaniwahi. Ukasema: "Alikuwa anamwagilia majani yasiyoliwa, maisha yake yote." Watu wawili watatu wakacheka kidogo, si kwa ubaya, nadhani walidhani unataka kupunguza uzito wa msiba. Mzee akatikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayepewa habari za maisha yaliyopotea. Mazungumzo yakahamia kwenye usafiri.

Nimejaribu kuliachilia neno lile na limekataa kutoka. Mjomba ndiye aliyetulea. Viatu vyako vya shule vilinunuliwa na majani hayo hayo. Ila hata angekuwa si mjomba wetu, hata angekuwa mtu wa kando, bado ningekuambia umekosea, kwa sababu hujui bustani ya mimea inafanya nini. Umekulia mlangoni pake na hujui.

Watu wanapiga picha za harusi pale, na waendelee. Wanapumzika, wanasoma magazeti, wanalala kwenye nyasi. Yote hayo mtu anaweza kuyapata kwenye bustani yoyote ya mapumziko. Kinachoitofautisha bustani ya mimea ni kumbukumbu. Kila mti una namba yake na kibao chake: jina la kisayansi, familia, asili yake. Nyuma ya kibao kuna faili: mbegu ilichumwa wapi, na nani, mwaka gani, kwenye udongo wa namna gani. Mti usio na kumbukumbu hizo unabaki kuwa mti mzuri wa kivuli, lakini mtafiti hawezi kuutegemea, wala huwezi kuurudisha porini ukiwa na uhakika kwamba unaurudisha kwao.

Unakumbuka ile koleo ndogo aliyokuwa akitembea nayo mfukoni? Ulikuwa ukimcheka. Alikuwa akizunguka mti kwa mti akilegeza waya wa vibao. Mti hunenepa kila mwaka, waya haunenepi, na usipolegezwa unazama kwenye gome na kuukaba mti. Mjomba alikuwa anajua ni mti upi unanenepa haraka na upi unaweza kungoja. Hiyo ndiyo kazi uliyoiita kumwagilia majani.

Na kazi hii haikuanza kwa ajili ya mapambo. Bustani ya Padova, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 na mpaka leo ipo pale pale ilipoanza. Waliianzisha kwa sababu wanafunzi wa utabibu walikuwa wakichanganya mmea wa dawa na unaofanana nao, na wauzaji nao walikuwa wakitumia ujinga huo kuuza vitu bandia. Njia ya kuwafundisha ilikuwa moja: waletewe mimea yenyewe, hai, yenye majina, waitazame kwa macho yao. Karne karibu tano zimepita na hatari ile haijaondoka. Lile ua la rangi ya waridi lililopandwa karibu na lango, lenye asili ya Madagaska, ndilo lililotoa vinkristini na vinblastini, dawa zinazotibu saratani ya damu kwa watoto na saratani nyingine. Jani lenyewe ukilitafuna ni sumu. Mjomba alikuwa hamwachi mgeni apite pale kabla hajayasikia yote mawili. Akisimulia nusu ya kwanza tu, alisema, kesho kuna mtu atakuja kuchuma.

Ulisema hayaliwi. Sawa, mengi hayaliwi. Mwaka 1895 John Medley Wood, msimamizi wa bustani ya mimea ya Durban, Afrika Kusini, alikuta kwenye msitu wa Ngoye mmea wa jamii ya sikadi, unaofanana na mtende, ambao hakuna aliyewahi kuuandika. Kilikuwa kichaka kimoja chenye mashina kadhaa, na kilikuwa dume. Tangu hapo watu wametafuta jike, wanatafuta mpaka sasa, hata kwa ndege zisizo na rubani, na hawajalipata. Porini haupo tena. Mimea yote ya aina hiyo iliyopo duniani imetokana na machipukizi ya dume lile lile, na ipo kwa sababu kuna wafanyakazi wa bustani, kizazi baada ya kizazi, waliokubali kumwagilia kitu kisicholiwa. Mmoja uko Kew, ile bustani kubwa ya mimea ya London, tangu 1899. Hebu niambie, hao wote walipoteza maisha yao?

Na kuna habari ya Rodrigues, kile kisiwa kilicho chini ya utawala wa Morisi. Hiyo Mjomba alikuwa akiipenda kuliko zote. Yapata mwaka 1980 mwalimu mmoja aliwaonyesha wanafunzi wake picha za mimea iliyoaminika kuwa imetoweka, akawaambia watazame huko wanakopita. Mtoto mmoja akarudi na tawi la kichaka alichokiona kando ya barabara. Kilikuwa ndugu wa mti wa kahawa ambaye wataalamu walishamfuta, na kilikuwa kimebaki kimoja tu kisiwani. Kipandikizi kikasafirishwa hadi Kew mwaka 1986, kikashika mizizi, kikatoa maua miaka na miaka bila mbegu, mpaka mwaka 2003 ndipo mtunza bustani mmoja alipofanikiwa kuchavusha na kupata tunda. Miche ikarudishwa kisiwani. Ukimuuliza mtu nani aliyeokoa mmea ule, atakutajia bustani kubwa ya London. Mjomba alikuwa akimtaja yule mwalimu. Mimi namtaja mtoto, kwa sababu alikuwa amefundishwa kutazama na akatazama.

Najua utaniambia nini, maana umeshaniambia: kwamba bustani hizi ni kazi ya wakoloni. Sikukatalii. Mwaka 1876 Henry Wickham alizitoa Brazili mbegu za mpira kama 70,000, zikaoteshwa Kew, miche ikapelekwa Asia, na utajiri ukaota huko huko. Ua linalouzwa duniani kote kwenye vyungu vya dirishani, lililotoka milima ya Usambara, lilipewa jina la familia ya afisa wa Kijerumani aliyelipeleka kwao mwaka 1892. Haya yasemwe, na yasemwe ndani ya bustani zenyewe, vibao viyaseme. Leo kuna Mkataba wa Bayoanuwai wa 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010, kwamba asichukue mtu mmea wa wenzake bila ruhusa na bila kugawana faida. Lakini kuijua dhuluma hiyo kunanifanya nitake bustani ishikwe na watu wanaoishi kuizunguka, watoto wao wayajue majina na matumizi, ili siku akija wa kuchukua akute wenye mali wako macho. Ukiifunga ukajenga maegesho ya magari, hakuna haki yoyote uliyorudisha.

Sasa nikushauri, kwa sababu mimi ndiye mkubwa na kwa sababu huko uliko nako kuna bustani ya mimea, nimeangalia. Wapeleke wanao. Usiwaburuze kwenye kila kibao, watachoka na watachukia. Chagueni mmea mmoja, uwe wao, mrudi kuutazama kila mwezi. Wape penseli wauchore, kwa kuwa mtoto anayechora jani huhesabu vijani vyake, na anayepiga picha hupita. Nendeni hata siku ya manyunyu, harufu huwa nyingi. Ulizeni kama kuna mwongozaji. Mara nyingi yupo na hakuna anayemuuliza. Kirstenbosch, Afrika Kusini, kuna njia yenye vibao vya breli na bustani ya mimea ya kunusa, ili asiyeona naye asome na anuse. Brooklyn, New York, wamekuwa na bustani ya watoto tangu mwaka 1914, ambapo watoto wenyewe wanapanda, wanapalilia na kuvuna. Uliza kama huko kwenu kipo cha namna hiyo. Kama hakipo, kidai. Hizi ni bustani za umma, na umma ni pamoja na wewe.

Waonyeshe kifauongo. Mjomba somo lake lote la kwanza lilikuwa kifauongo. Aliwaweka watoto kwa magoti kuzunguka tuta, akawaambia kila mmoja aguse jani moja tu, kwa kidole kimoja. Vijani vinajikunja viwili viwili kutoka pale palipoguswa kwenda mbele, kisha kikonyo chote kinainama. Watoto wanapiga kelele, wanataka kugusa tena. Hapo ndipo alipowazuia. "Sasa ngojeni." Kungoja ndilo lilikuwa somo lenyewe. Wakati wanangoja anawaeleza kwamba kwenye kiungo cha jani kuna seli zinazoshikilia maji. Ukigusa, seli za upande mmoja zinamwaga maji ghafla na jani linakosa nguvu ya kusimama. Baadaye maji yanarudi pole pole. Anawaambia mmea huu kwao ni Amerika ya kitropiki, na ukiuachia shambani kwako utajuta. Dakika zinakwenda. Mtoto wa kwanza anayeona jani lake linafunguka hapigi kelele, anamgusa mwenzake begani na kumwonyesha.

Nimekueleza haya kwa urefu kwa sababu ya ile asubuhi.

Unanilaumu kwamba sikuwa kando ya kitanda chake. Hukuwahi kuniambia usoni, umewaambia shangazi na binamu, na yamenifikia. Basi sikia. Siku ile shule ilikuwa na miadi bustanini. Usiku wa kuamkia nilikuwa naye, nilimgeuza, nilimlowesha midomo. Alfajiri akaniuliza ni nani atawapokea watoto. Nikamwambia tutaahirisha. Akasema, "Watoto hawaahirishwi, nenda." Ungekuwepo ungemsikia. Hukuwepo, na sikukulaumu, nauli na kazi nazijua. Nikaenda. Simu ilitetemeka mfukoni watoto wakiwa wamepiga magoti kwenye tuta la kifauongo, wanangoja. Nikaiona namba, nikajua. Sikuipokea pale. Nilisubiri nao mpaka majani yalipofunguka, nikajibu swali la binti mmoja kuhusu mizizi, nikawakabidhi kwa mwalimu wao, ndipo nikatoka nje ya lango nikapiga.

Unaweza kuliita hilo moyo wa jiwe. Mimi nasema nilitimiza neno la mwisho aliloniambia akiwa na akili zake. Dakika zile hazingemrudisha, na watoto wale walikuwa wa kwake kuliko mimi na wewe tulivyokuwa. Siku ile ikirudi, nitafanya vile vile. Wewe ulikuwa na nafasi ya kusema neno moja la heshima juu yake mbele ya mgeni, nalo hukulisema. Sasa kati yetu, nani hakuwa kando yake?

Nimeandika sentensi hiyo, nimeifuta, nimeirudisha. Ikae. Ukikasirika, kasirika kwa simu, nisikie sauti yako.

Kuna jambo moja lililobaki, na hili si la hasira. Daftari zake unazo wewe. Zilikuwa chini ya kitanda kwenye lile boksi ulilobeba ukidhani ni barua. Si barua. Ni tarehe: mti gani umechanua lini, umepukutisha lini, tunda la kwanza limeonekana lini, mvua ilinyesha au haikunyesha, miaka yote aliyofanya kazi pale. Kwako ni karatasi za kumkumbukia, naelewa, na mwandiko wake hata mimi unaniliza. Lakini watu wanaochunguza jinsi hali ya hewa inavyobadilika hutafuta rekodi za namna hiyo kama dawa, kwa sababu mti ukianza kuchanua mapema kuliko zamani hakuna anayejua bila mtu aliyekuwa akiandika. Huwezi kurudi nyuma ukaandika upya mwaka uliopita. Bustani inazihitaji. Watazipiga picha ukurasa kwa ukurasa na kukurudishia zenyewe, nimekwisha kuzungumza nao.

Usizifunge kwenye mfuko wa plastiki, zitaota ukungu. Tumia boksi kavu, gazeti katikati ya daftari na daftari, na usizifunge kwa mpira wa kubania, unakata kingo. Lile lenye jalada la kijani lililochanika ndilo la zamani kabisa, na kurasa zake zimeachia. Liweke juu ya mengine, lisilemewe. Katikati yake amebana majani makavu. Usiyatoe, hata kama yanamwagika, kwa maana kila jani limewekwa kwenye ukurasa wa tarehe yake.

Dada yako