Barua kwa Mwanangu Anayeanza Kuendesha Lori la Mafuta

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, pamoja na swali lako kama mafuta husafiri salama zaidi ndani ya bomba kuliko barabarani. Ni kweli, na nakiri hivyo mimi niliyekula mkate wa barabara miaka 22. Bomba la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, linafanya kazi tangu mwaka 1968; halisinzii usiku, wala halikutani na basi kwenye kona za mlima Kitonga.

Hata hivyo bomba nalo huua. Tarehe 12 Septemba 2011, katika mtaa wa Sinai jijini Nairobi, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba iliingia mtaroni ikateremka hadi kwenye makazi ya watu, na ilipowaka iliua takriban watu 100. Reli pia ina yake: huko Lac-Mégantic, Kanada, mwaka 2013, treni ya mafuta ghafi iliyoegeshwa mlimani iliserereka usiku bila dereva, ikalipuka katikati ya mji na kuua watu 47.

Lori lako hubeba mafuta machache kuliko treni yoyote, lakini hupita mlangoni kwa watu, na hapo ndipo penye hatari yake. Unakumbuka Msamvu, mjini Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019: lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakafa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hujikusanya mitaroni, na cheche ya betri inatosha kuuwasha. Dizeli haiwaki kwa wepesi huo, lakini usidanganyike na tanki lililokwisha kushusha petroli, ambalo utingo wako ataliita tupu, kwa maana limejaa mvuke uliochanganyika na hewa. Mimi niliogopa tanki hilo kuliko lililojaa.

Ikitokea umepinduka, nakusihi usibaki kulinda mzigo. Zima injini ukiweza, toka, simama upande upepo unakotokea, kisha wazuie watu wasisogee, hata wakikutukana kwamba unawanyima riziki.

Mama yako anakusalimu sana. Ukifika Tunduma, tupigie simu hata kama ni usiku wa manane.

Baba yako