Vitu vya wazee wetu virudi, hata kama vitaoza

Bwana Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika gazeti lako kwamba vinyago vyetu vilivyoko katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, ni afadhali vibaki hukohuko, kwa kuwa huku Kivu mchwa na unyevu vitavimaliza. Hoja hiyo nimeisikia tangu ujana wangu, na watu wengi wenye nia njema huikubali. Naomba nafasi nieleze habari za Wazuni, ambao nao waliambiwa hivyohivyo.

Wazuni ni wenyeji wa asili wa Marekani, wapatao 10,000, wanaoishi magharibi mwa jimbo la New Mexico. Wenyewe hujiita A:shiwi, na lugha yao haijulikani kuwa na undugu na lugha nyingine yoyote. Mgeni wa kwanza wa ng'ambo anayetajwa kufika kwao alikuwa Mwafrika, Esteban, mtumwa mzaliwa wa Azemmour nchini Moroko, aliyewatangulia Wahispania hadi kijiji cha Hawikuh mwaka 1539 na kuuawa huko. Mwaka uliofuata Mhispania Coronado akaja na jeshi, akakiteka kijiji. Baada ya uasi wa wenyeji dhidi ya Wahispania mwaka 1680, Wazuni walikimbilia juu ya mlima wa Dowa Yalanne, na waliposhuka walijenga mji mmoja badala ya vijiji vingi. Wapo hapo hadi leo, wakitengeneza mapambo ya fedha na feruzi, na kila mwaka baridi inapoanza huwapokea Shalako, wajumbe wa miungu wanaoigizwa kwa vinyago virefu, kwa ngoma za usiku kucha.

Kila mwaka pia, jua linapofika mwisho wa safari yake ya kusini, ukoo wa Kulungu na ukoo wa Dubu huchonga sanamu za Ahayu:da, ndugu pacha walinzi wa watu. Sanamu hizo hupelekwa kwenye madhabahu ya mlimani, mahali pasipo na paa. Mpya inapowekwa, ya zamani husogezwa kando pamoja na zilizoitangulia, na hapo mvua, jua na upepo huzila polepole. Kwa Wazuni, huko kuoza ndiyo kazi yenyewe ya sanamu, kwa maana nguvu zake hurudi ardhini. Ndiyo maana sanamu iliyokauka ndani ya kabati la kioo ni sanamu iliyozuiwa kufanya kazi yake.

Mwaka 1978, walipopata habari kwamba Ahayu:da mmoja anapigwa mnada New York, viongozi wao walianza kudai. Hoja yao ilikuwa fupi: kitu hiki ni mali ya watu wote, hakuna mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kukiuza, basi popote kilipo kimeibwa. Makumbusho ya sanaa ya Denver yalirudisha sanamu yaliyokuwa nazo mwaka 1980, na Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya taifa ya Marekani, mwaka 1987, yote hayo kabla ya sheria ya Marekani ya 1990 kuhusu mali za makaburi na ibada za wenyeji. Sanamu zaidi ya 60 zilirudi, zikawekwa mahali penye ulinzi dhidi ya wezi lakini wazi kwa mvua. Wala Wazuni hawachukii makumbusho. Wanayo ya kwao, yaliyoanzishwa mwaka 1992.

Mimi ni Mrega wa Mwenga. Nikiwa mtoto nilimwona babu, mtu wa bwami, yaani chama cha jadi cha Warega chenye ngazi za heshima, akifungua mfuko wake na kupaka mafuta kinyago kidogo cha mti chenye ndevu za nyuzi, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga. Kinyago kama hicho, kiitwacho lukwakongo, huwekwa juu ya kaburi mwenyewe anapofariki, kisha hukabidhiwa mrithi. Cha babu hakikukabidhiwa mtu, kwa sababu mfanyabiashara mmoja alikinunua kwa kijana wa ukoo wakati wa matanga. Kijana yule aliuza alichokuwa hana haki ya kukiuza, nami nikisoma habari za Wazuni ndipo nilipopata maneno ya kulisema jambo hilo.

Mwaka 2022 Ubelgiji ilileta Kinshasa kinyago cha Kakuungu cha Wasuku, kwa mkopo usio na mwisho. Neno mkopo linaniuma. Ninaomba gazeti lako liwaendee wazee wa bwami walio hai Mwenga na Shabunda, liwaulize ni vitu gani vilikuwa vya ukoo na visingeweza kuuzwa, nalo lichapishe majibu yao kabla wakubwa wa Kinshasa na Bruksel hawajakaa tena mezani bila wao.

Mwalimu mstaafu,
Kadutu, Bukavu