Mama, bonde lisiuzwe

Hanoi, Vietnam

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, masomo yanakwenda. Baridi ipo, ila koti nimeshapata, usihangaike.

Ujumbe wa Baba Mdogo umenifikia. Ada ya mdogo wangu nitaituma posho ikiingia, hilo halina mjadala. Kinachoniuma ni hayo anayoyasambaza, kwamba nakula ufadhili peke yangu nimewatupa, na kwamba bonde liuzwe kwa sababu mwenye kulirithi hayupo. Mibuni ya Babu! Na habari yenyewe nimeisikia kwa Shangazi, Baba Mdogo mwenyewe hakuniambia lolote juu ya hilo.

Juzi chuo kilitupeleka Buon Ma Thuot, mkoani Dak Lak. Mama, ungeona! Mibuni ya robusta mpaka macho yanachoka. Nchi hii ni ya pili duniani kwa kuzalisha kahawa, nyuma ya Brazil, na wanaoilima wengi wao ni watu wa vishamba vidogo kama sisi. Kiangazi huvuta maji visimani kwa pampu wakanywesha mibuni yao. Mzee mmoja aliniuliza sisi tunapogoa vipi. Nikachukua mkasi nikamwonyesha kama Babu alivyonifundisha, naye akawaita wanawe waje watazame. Siku hiyo nilitamani uwepo.

Wazee wa huku wanakumbuka foleni za chakula cha kuponi. Mashamba yalikuwa ya ushirika, mkulima akihesabiwa pointi za kazi, kwa hiyo aliyejituma na aliyetegea hawakupishana sana. Desemba 1986 chama chao kikapitisha mageuzi wanayoyaita Doi Moi, na 1988 kaya zikakabidhiwa mashamba zilime zenyewe. Mwaka uliofuata tu, nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja! Ardhi ni mali ya umma mpaka leo, lakini sheria ya 1993 iliwaruhusu kurithisha na hata kuweka rehani haki ya kuitumia. Hayo ndiyo niliyoyawasilisha mbele ya maprofesa, na kazi yangu ikawa ya kwanza darasani. Baba Mdogo aambiwe na hilo.

Najua atasema kahawa haina bei. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei iliporomoka dunia nzima, na robusta ya huku iliyofurika sokoni ilichangia. Wapo waliong'oa. Ila mashamba niliyotembelea yamechanganywa na pilipili manga, zao moja likiyumba jingine linashika. Bonde letu lina maji, Mama, hilo linawezekana kabisa.

Kwa hiyo naomba hivi: mibuni iliyozeeka ikatwe visiki ichipue upya, vibarua nitawalipa mimi. Hati ya bonde ikae kwako, asipewe mtu hata akija na wazee. Kama Baba Mdogo ana shida ya pesa aniambie mwenyewe, mimi ni mwanawe, nitamsikiliza.

Huku kahawa wanainywa nzito, na maziwa mazito ya kopo. Nzuri, lakini jioni hunijia hamu ya ile unayoikaanga mwenyewe hadi koo linakaza.

Msalimie sana Shangazi. Nijibu kuhusu hati kabla ya mwisho wa mwezi.

Mwanao akupendaye